Semei Kakungulu, Mtu wa Mbale na Jinja

Mara sita kila mwaka mimi husafiri kwa basi kati ya Jinja, ambako ni kwetu, na Mbale, ambako nasoma. Njia hiyo hupita Iganga, huvuka mto Mpologoma penye mashamba ya mpunga, hupita Budaka na Kamonkoli, na baadaye mlima Wanale husimama mbele yetu kama ukuta. Kwa muda mrefu niliitazama nchi hii dirishani bila kujua kwamba yuko mtu mmoja aliyeipita kabla yetu, tena kwa miguu, akaacha alama zake huku na huku. Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Leo nataka kuwaelezeni maisha yake kwa kadiri nilivyojifunza.

Lakini kwanza sharti niseme kwa nini nimemchagua yeye, kwa maana wako Wakristo wengine wa kale ambao maisha yao ni rahisi zaidi kuyasimulia katika shule ya misheni kama yetu.

Nilipokuwa na miaka 16 nilianza kukusanya watoto wa mtaa wetu kila Jumapili alasiri chini ya mwembe ulio karibu na kanisa. Siku ya kwanza walikuja watoto saba. Niliwafundisha nyimbo, nikawasomea Injili, tukacheza mpira, tukaagana. Baada ya miaka miwili tulikuwa zaidi ya 60, tuna kwaya, tena tuna ngoma mbili tulizonunua kwa fedha za kuuza mahindi ya kuchoma. Ndipo wazee wa kanisa walipoamua kwamba kundi lile liwe chama kamili cha vijana, chenye mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha. Mwenyekiti akateuliwa kijana mwingine, mkubwa kuliko mimi, ambaye hakuwahi kukaa chini ya mwembe ule hata siku moja. Mimi sikupewa kazi yo yote. Wazee walieleza kwamba mimi niko shuleni sehemu kubwa ya mwaka, na jambo hilo ni kweli. Hata hivyo niliudhika sana. Nilikaa nyumbani Jumapili tatu, na moyoni nikaanza kupanga jinsi nitakavyowachukua wanakwaya wangu nianzishe kundi jingine.

Nilirudi shuleni na hasira hiyo. Muhula ule mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri wa upande huu wa Uganda aliyefariki zamani. Nikachagua Kakungulu kwa sababu nilidhani habari zake zitakuwa za vita tu, na vita hupendeza kusoma. Kumbe nilikuwa nakwenda kukutana na jambo langu mwenyewe.

Inakisiwa kwamba Kakungulu alizaliwa mwaka 1869, akakulia Koki, nchi ndogo iliyo kusini-magharibi mwa Buganda ya zamani. Katika ujana wake alikuwa mwindaji wa tembo. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Mwindaji alipaswa kuwa na shabaha, uvumilivu, na miguu isiyochoka, na kwa kuwa pembe zilikuwa mali ya wakubwa, mwindaji hodari alijulikana upesi kwa watawala. Kwa njia hiyo Kakungulu alifika Buganda wakati wa Kabaka Mwanga, aliyekalia kiti mwaka 1884 baada ya kufariki kwa baba yake Mutesa.

Wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879. Vijana wa nyumba ya mfalme walivutwa sana na mafundisho yao, na zaidi ya yote walivutwa na kusoma. Siku hizo mtu aliyefuata dini mpya aliitwa msomaji, maana dini na kusoma vilikuwa kitu kimoja. Hakuwako Mkristo asiyetafuta kujua herufi. Kakungulu naye akawa msomaji. Na sisi tunaoandika katika upande huu wa gazeti tuna sababu ya kufurahi hapa, kwa kuwa alijifunza kusoma Biblia kwa Kiswahili. Vitabu vya Kiganda vilikuwa bado kuchapwa kwa wingi, lakini vitabu vya Injili vilivyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere vilikuwa vimekwisha kufika bara. Basi lugha iliyopanda kutoka pwani na misafara ya wafanya biashara ndiyo iliyompa kijana wa Koki Neno la Mungu. Alipobatizwa alipewa jina la Semei, ambalo ni jina la Biblia.

Msidhani kwamba kusoma kulikuwa jambo la amani. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa Kiprotestanti waliuawa kwa moto huko Busega. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Askofu James Hannington aliuawa hapa kwetu Busoga alipokuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki. Tarehe 3 Juni 1886 wasomaji wengi, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, walichomwa Namugongo. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wetu, na wengine walikuwa wadogo kuliko sisi. Kuwa kiongozi wa wasomaji wakati ule kulikuwa ni kuweka shingo mbele.

Mwaka 1888 mambo yalibadilika. Wasomaji wa Kikristo na Waislamu waliungana wakamwondoa Mwanga. Muda si mrefu wakagombana wao kwa wao, Waislamu wakashika mji, Wakristo wakakimbilia upande wa Ankole. Wakati huo Kakungulu alikuwa na miaka 19 hivi, yaani umri wangu leo. Nilipoiona hesabu hiyo niliweka kalamu chini nikafikiri. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya kiti cha mwenyekiti na ngoma mbili. Yeye na wenzake walikuwa hawana nyumba wala shamba, wala hawakujua kama wataliona tena kanisa lao.

Wakristo hawakukaa huko milele. Walijipanga, wakapigana, na baada ya vita vingi Mwanga alirudishwa katika kiti chake mwaka 1889, akafukuzwa tena, na kurudi kwa mara ya mwisho mwaka 1890. Katika vita hivyo jina la Kakungulu lilivuma. Alikuwa jemadari aliyependwa na watu wake, mwepesi wa safari, na mkarimu wa kugawa nyara. Vijana walimfuata kwa hiari. Huo ndio uongozi wake wa kwanza. Hakuupata kwa ukoo wala kwa barua ya mkubwa, aliupata kwa kuwa watu walitaka kwenda pale alipokwenda yeye.

Lakini penye fahali wawili zizi moja halitoshi. Kiongozi mkuu wa Waprotestanti alikuwa Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda tangu mwaka 1889 mpaka 1926. Kagwa na Kakungulu walishindana kwa cheo na kwa sifa, na Kagwa ndiye aliyekuwa karibu na Waingereza. Kakungulu akaona kwamba katika mji mkuu hakuna nafasi ya wawili. Akageuza uso wake mashariki. Alikaa kwanza Bugerere, kando ya mto Nile, na kutoka hapo alianza kuvuka kwenda nchi ambazo Waganda waliziita kwa jumla Bukedi.

Tarehe 9 Aprili 1899 Kakungulu alikuwa pamoja na jeshi la Waingereza lililowakamata wafalme wawili, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, katika nchi ya Lango. Wafalme hao wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Tazameni jinsi dunia inavyogeuka: mtu aliyepigana ujanani ili Mwanga arudi kitini, ndiye aliyekuwapo siku Mwanga alipotiwa nguvuni asirudi tena.

Baada ya hayo Kakungulu alisonga mbele na wafuasi wake, akajenga ngome moja baada ya nyingine katika nchi za Wateso, Wagwere na watu wengine wa mashariki. Mwaka 1901 makao yake makuu yalikuwa Budaka, pale pale tunapopita na basi. Alipofika mahali aliweka wakuu wake, akakata barabara pana zilizonyoka, akapanda migomba na miti ya mivule kando ya njia. Pamoja na askari walikuwapo wasomaji na walimu wa dini. Hivyo watu wengi wa mashariki waliliona kwanza kanisa na kitabu kwa mikono ya Waganda waliokuja na Kakungulu, kabla ya kumwona mmisionari wa Kizungu.

Nisipotaja upande wa pili wa habari hii nitakuwa mwandishi mwongo. Bibi mzaa mama yangu ni Mgisu, na kwao hawalitaji jina la Kakungulu kwa furaha. Barabara zile zilizonyoka zilichimbwa na watu waliolazimishwa. Ng'ombe walichukuliwa, watu waliokataa walipigwa vita, na wakuu wa Kiganda walitawala watu ambao hawakujua lugha yao wala desturi zao. Bibi alisimuliwa na wazee wake jinsi watu walivyopanda mlimani na watoto na mbuzi waliposikia ngoma za wageni. Basi kitabu kilikuja, lakini kilikuja kimefuatana na bunduki. Mkristo aliyejifunza kusoma kwa hatari ya maisha yake, alipopata nguvu aliwatia wengine hatarini. Jambo hili hatuna budi kulikumbuka sote tunaotaka kuwaongoza wenzetu kwa jina la Kristo.

Sasa nafika kwenye kisa kilichonigusa. Katika miaka ile Sir Harry Johnston alikuwa mjumbe mkuu wa Serikali ya Uingereza katika Uganda. Alimwonyesha Kakungulu mapendeleo, na Kakungulu akaelewa kwamba atakubaliwa kuwa mfalme, Kabaka wa Bukedi. Wafuasi wake walianza kumheshimu hivyo. Lakini Johnston aliondoka mwaka 1901, na maofisa waliobaki hawakuwa na nia ya kumweka mfalme mwingine mwenye jeshi lake mwenyewe. Tena malalamiko ya wenyeji yalikuwa mengi. Mwaka 1902 Serikali ilimnyang'anya ngome ya Budaka na nchi aliyoitwaa. Badala yake akapewa maili 20 za mraba chini ya mlima Elgon, akae hapo na watu wake.

Fikirini moyo wa mtu huyo. Miaka mitatu alijenga, na siku moja akaambiwa kwamba jengo si lake. Mtu mwingine angekunja mikeka yake akarudi Buganda kulima. Kakungulu hakurudi. Alikwenda kwenye maili zake 20 akaanza tena. Mahali alipokaa ndipo Mbale ya leo. Alipima njia, akapanda migomba na miti, akawagawia wafuasi wake viwanja. Katika muda mfupi palikuwa na soko. Wafanya biashara Waswahili, Waarabu na Wahindi walikuja, na misafara ya pembe iliyokwenda Karamoja ilipita hapo kununua chakula na kuajiri wapagazi. Sokoni watu wa makabila mengi walisikilizana kwa Kiswahili. Serikali yenyewe, iliyomwondoa Budaka, ikaja kuweka boma lake Mbale, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kukusanyika huko. Mji ule ulipewa cheo cha jiji mwaka 2020. Sisi wanafunzi tukishuka siku ya soko kununua sabuni na daftari, tunakanyaga mahali alipopanga mtu aliyenyimwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Serikali iliona kwamba mtu huyu hafai kukaa bure. Mwaka 1906 ilimpeleka Jinja kuwa Rais wa Lukiko ya Busoga. Jinja wakati huo ulikuwa mji mchanga kando ya maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani, maporomoko ambayo yalifunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Busoga haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na watawala wengi, kila mmoja na nchi yake, na wengine walikuwa maadui wa tangu zamani. Kazi ya Kakungulu ilikuwa kuwakalisha katika baraza moja, kusikiliza mashauri, na kupanga nchi katika saza na gombolola kwa mfano wa Buganda.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia pwani za ziwa tangu mwanzo wa karne, na katika Uganda uliua watu zaidi ya 200,000. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wa ufukoni wahamishwe mbali na mbung'o. Mwaka 1908 ikaja njaa kali Busoga. Kakungulu alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1913. Alikuwa mgeni kati ya Wasoga, Mganda aliyewekwa na Waingereza, na wengi hawakumtaka. Lakini baraza lile halikufa alipoondoka. Watawala wa Busoga walikuwa wamejifunza kukaa chini ya paa moja, na kutoka katika umoja huo baadaye kikapatikana cheo cha Kyabazinga wa Busoga. Mimi ni Msoga kwa upande wa baba, na sikujua kwamba kati ya mawe ya msingi wa umoja wetu, jiwe moja liliwekwa na mtu huyo huyo aliyewakimbiza mlimani wazee wa mama yangu.

Alirudi Mbale mwaka 1913, na sasa hakuwa yule kijana wa zamani. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 40. Ahadi aliyodhani amepewa haikutimizwa. Wenzake wa ujanani walikuwa matajiri na wakuu huko Buganda, na mpinzani wake Kagwa amekwisha kupewa heshima na mfalme wa Uingereza. Wengi walioandika habari zake wanasema kwamba tangu hapo moyo wake ulianza kujitenga na Waingereza na kanisa lao.

Mwaka 1914 lilitokea Buganda kundi la dini lililoitwa Wamalaki, kwa jina la Malaki Musajakawa, aliyeliongoza pamoja na Joswa Kate Mugema. Wamalaki walikataa dawa na waganga wa kila namna kwa kusema kwamba Mungu peke yake ndiye mponyaji, na walishika Jumamosi kuwa siku ya kupumzika. Kakungulu alijiunga nao. Serikali ilipotaka watu na ng'ombe wachanjwe, yeye alikataa, ingawa alikuwa mkuu anayepaswa kuwaongoza wengine. Basi mgongano wake na Serikali ukawa wa wazi, na mwishowe akaacha kazi zake zote za Serikali.

Alizidi kusoma Biblia, hasa Agano la Kale. Mazoea ya ujanani hayakumtoka, alikuwa bado msomaji. Mwaka 1919 alisoma amri ya tohara akaona kwamba inampasa, akatahiriwa yeye na wanawe. Wamalaki walipompinga kwamba jambo hilo ni la Wayahudi, alikubali kwamba basi yeye ni Myahudi. Akajitenga nao akaanzisha kundi lake karibu na Mbale, ambalo watu huliita Abayudaya. Mwaka 1920 alifika kwake Myahudi mmoja mgeni aitwaye Yosef, akakaa naye miezi kadhaa akamfundisha kalenda, sikukuu na sheria za chakula. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa ajili ya watu wake. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na kaburi lake liko karibu na Mbale.

Kundi lake halikufa pamoja naye. Wakati wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, dini yao ilipigwa marufuku, wakasali kwa siri, na wengi wakahamia dini nyingine. Waliobaki walikuwa wachache sana. Lakini baadaye waliongezeka tena, na leo wanayo nyumba yao ya sala katika kilima cha Nabugoye. Ni jirani zetu. Watoto wao tunakutana nao sokoni na katika mashindano ya mpira, nao ni watu wa amani na wenye bidii.

Wasomaji wapenzi, nimefika mwisho wa maisha yake, lakini bado nina deni la kusema nilichojifunza. Naogopa kidogo, kwa sababu mimi ni Mkristo na yeye aliacha kanisa langu.

Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba Kakungulu aliacha kanisa kwa hasira ya kunyimwa ufalme, niishie hapo. Ingekuwa hadithi nyepesi yenye mafunzo, na mwalimu angeipenda. Lakini nilipofikiri zaidi nikaona kwamba siwezi kuapa. Hasira ilikuwapo, hilo naamini. Hata hivyo mtu anayetafuta cheo tu hawezi kukataa cheo kwa ajili ya dini, naye alifanya hivyo. Mtu anayetaka kupendwa na wakubwa hawezi kujitahiri akiwa na umri wa miaka 50, kuchekwa na rafiki zake wa zamani, na kukaa miaka tisa katika kundi dogo chini ya mlima. Ndani ya moyo mmoja paliweza kukaa uchungu na ucha Mungu pamoja, na ni Mungu peke yake awezaye kuvitenga.

Ninachoweza kusema ni juu ya moyo wangu mwenyewe. Katika moyo wangu uchungu ulikuwa mwingi kuliko ucha Mungu. Nilipotaka kuwachukua wanakwaya wangu, sikusukumwa na dhamiri wala na andiko lo lote. Nilisukumwa na kiti. Na neno lile nililolitumia, wanakwaya wangu, lilinishtaki. Kakungulu aliita nchi ya watu wengine nchi yake, na wazee wa bibi yangu wakalipa gharama. Mimi niliwaita watoto wa watu watoto wangu, na wao ndio ambao wangelipa.

Jambo la pili nililojifunza ni la mwaka 1902. Naona kwamba siku iliyo kubwa kupita zote katika maisha ya Kakungulu si siku ya kukamatwa kwa wafalme wawili. Ni siku ile aliponyang'anywa Budaka akashika jembe akaanza Mbale. Ngome zake zimekwisha. Jeshi lake limekwisha. Cheo cha Kabaka wa Bukedi hakikuwahi kuandikwa mahali. Lakini mji aliouanza akiwa amenyimwa ungalipo, na miti iliyopandwa kwa amri yake iliwatilia kivuli watu wasiomjua.

Likizo iliyopita nilirudi Jinja. Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani alasiri, nikakaa katika benchi ya nyuma. Mwenyekiti mpya alikuwa akiongoza mkutano, na lazima nikiri kwamba anaendesha mambo kwa utaratibu kuliko mimi. Ana daftari la mahudhurio, na fedha za kundi zinaandikwa. Lakini hakujua kupiga ngoma, na wimbo ulikuwa unakwenda mbio kupita kiasi. Watoto waligeuka nyuma wakanitazama. Nilikaa kimya kwa muda, nikiwa na vita ndani yangu. Kisha nikaondoka nyuma, nikaenda mbele, nikamwomba ruhusa, nikashika ngoma.

Baada ya mkutano aliniuliza kama nitakubali kuwafundisha wale wadogo kabisa, wasiojua kusoma bado, kila nitakapokuwa nyumbani. Ni watoto tisa. Hawana jina katika daftari la kamati, na kazi hiyo haina cheo. Nimeikubali. Tunakaa chini ya mwembe ule ule, nao wameanza kuzijua herufi.